Wasifu wa Mama Umekwama Kwenye Baiskeli

Duka la Uchapaji,
Mlango wa pili baada ya fundi viatu.
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wapishi wenzako huko kambini. Hujambo? Mgongo je, umeshazoea yale masufuria ya kulishia jeshi zima la wajenga barabara, au bado unanung'unika? Moshi usikumalize macho, bado tunayahitaji. Mimi mdogo wako mwili mzima, ila kichwani si shwari.

Nimekupigia simu mpaka yule mama anayesema hupatikani nimemzoea kama shemeji. Bahati nzuri dereva wenu wa lori la saruji amekuja dukani kutoa nakala ya leseni, nikamng'ang'ania aibebe barua hii. Anaondoka kesho asubuhi, na Ijumaa atakuwa huku tena.

Mama amezidiwa, Dada. Sitaki kuzungukazunguka. Daktari ametuambia tukae naye nyumbani, tumpe anachokitaka, na unajua daktari akifika hapo amemaliza dawa zake. Chai anakunywa vijiko viwili vitatu. Sauti ilikuwa ikipungua taratibu, na tangu juzi imekatika kabisa. Anasikia kila kitu, lakini anajibu kwa macho na vidole.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Wiki iliyopita, sauti ikiwa bado ipo, aliniita akataka nimwandikie wasifu wake, ule wa kusomwa msibani, nimsomee sasa hivi akiwa hai. Alisema haoni faida ya kusifiwa halafu asisikie. Nikaona kazi ndogo. Hapa mtaani hakuna msiba unaopita bila wasifu kutoka mezani kwangu. Ninao mmoja kwenye kompyuta: marehemu enzi za uhai wake alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye ushirikiano mkubwa na majirani. Nabadilisha jina, natoa nakala, wafiwa wanalia na kunishukuru.

Basi nikabadilisha jina, nikaenda kumsomea. Katikati nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema kwamba atakumbukwa kama golikipa hodari wa timu ya kiwandani, na kwamba ameacha mjane mmoja. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipotulia akasema, "Huyo golikipa Mungu amrehemu. Sasa niandikie mimi."

Dada, nilishindwa. Kweli kinyozi hajinyoi. Nikiandika "mkarimu" nawaona marehemu wote wa mtaa huu wamejipanga. Nikifuta, karatasi inabaki nyeupe. Nilikaa mbele ya mashine ile ile inayonilisha, vidole vimekufa ganzi, wateja wanasubiri picha zao za pasipoti, na mimi sina hata sentensi moja kuhusu mwanamke aliyenizaa. Nilikuwa najiita mwandishi, kumbe mpiga chapa tu. Niliona aibu sana.

Na si kuandika peke yake. Wifi yako yuko kwao, amejifungua, kwa hiyo kumwosha Mama, kumbadilisha, kumsuka, vyote ni mimi. Siku ya kwanza nilifumba macho, nikamwaga beseni zima kitandani. Mama, dobi wa hospitali maisha yake yote, akaniambia nijikaze kisabuni, kwamba mashuka ya wagonjwa hayakuwahi kumsubiri yeye amalize kuona haya. Nimejikaza. Nywele ndizo zimenitoa jasho. Nikianza mistari mitatu, miwili inapotea njiani.

Ila ni kwenye nywele hizo nilikoona kovu, nyuma ya sikio la kushoto, refu kama kidole. Umri wote huu sikuwahi kukitazama kisogo cha mama yangu. Nikamuuliza. Akaniambia kwamba Baba alipofariki, baiskeli yake ilibaki imeegemea ukutani, na yeye alikuwa amechoka kwenda kazini kwa miguu alfajiri. Akaamua kujifunza kuiendesha. Mwanamke mzima, uwanja wa shule, watoto wanamcheka, na wewe nyuma umeshikilia kiti. Mimi kumbe nilikuwa bado mchanga, nimelazwa kwa jirani. Anasema aliogopa sana, lakini akakwambia uachie. Ukaachia. Akaenda kidogo, akaangukia mawe, damu ikalowesha mpaka gauni lako.

Hapo akachoka, akasema atamalizia akiamka. Alipoamka sauti haikuwepo.

Sasa nimeandika, Dada. Humo hamna mcheshi wala mkarimu, na kila neno nimeliandika kwa hofu, maana sijazoea kuandika kitu nisichokijua mwisho wake. Jana nikamsomea: uwanja, watoto, kiti, mawe. Alifumbua macho akanikazia. Nilipofika kwenye damu maandishi yakaishia hapo. Akainua kidole akakizungusha, yaani endelea. Nikamuuliza, Mama, ulipanda tena? Alizungusha kidole tu. Anataka asomewe, hataki kuulizwa.

Mimi namkumbuka akienda kazini kwa miguu miaka yote, siku za mvua ameshika kandambili mkononi. Baiskeli siikumbuki kabisa. Naliogopa jibu, lakini kulitunga siwezi. Nikitunga atajua, kama alivyomjua yule golikipa.

Aliyekuwepo ni wewe. Aliinuka akapanda tena, au aliiacha pale pale? Hata kama aliiacha, niambie hivyo hivyo, nitaandika hivyo. Omba ruhusa uje na lori hilo la Ijumaa umsimulie mwenyewe. Msimamizi akikataa, mpe dereva hata kipande cha karatasi. Kuna asubuhi naingia chumbani nikiogopa kwamba nimechelewa.

Shangazi anakusalimu, anashinda hapa mchana nikiwa dukani. Fundi viatu naye anakusalimu. Mjomba amepata habari na anatuombea. Mungu akulinde njiani, akupe nguvu, na akutangulizie kheri huku unakokuja.

Mama nimemwambia kwamba nakuandikia. Amezungusha kidole.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Karani