Uso wa Basili Kwenye Video

Jumamosi, 20 Desemba 2025
Moshi mjini. Leo nimekaa na video za doria ya baharini, kazi yangu ni kuzichambua. Meli ya kigeni, ndani kabisa ya eneo lililokatazwa kuvua. Papa wanakatwa mapezi, wanatupwa baharini wakiwa hai! Nikavuta picha karibu niwaone wakataji — Basili. Mdogo wangu! Kisu mkononi. Nyumbani tunajua ni kuli bandarini Dar.

Jumapili, 21 Desemba
Rodney, bosi wetu wa doria, kapiga simu. Video anaitaka leo, sura zionekane. Meli ilitukimbia, anasema, tutakaowapata ni hao mabaharia tu, kwa sura zao, wakishuka nchi kavu. Nikashika simu nimpigie Basili. Nimwambie nini? Nikairudisha mezani.
Nimetuma. Jina lake pia nimeandika. Nikajiona mtu mwenye msimamo.

Jumatano, 24 Desemba
Masama. Watu wote wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Basili kafika mchana, kakonda, viganja vimejaa makovu. "Shikamoo dada." Nikashindwa kumtazama.
Tulikwenda kihambani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, kukata majani ya ng'ombe. Akaanza mwenyewe.
"Dada, niliwadanganya. Sikuwa bandarini."
Walimwahidi kazi ya jikoni melini. Huko wakamnyang'anya pasipoti. Aliyekataa kukata papa hakupewa chakula. Katoroka walipotia nanga.
"Nimemrekodi nahodha akiongea na wanunuzi wa mapezi. Ninayo kwenye simu. Wewe si unawajua watu wa doria? Nipeleke kwao. Nitasema yote."
Pale pale ningemwambia! Tulikuwa wawili tu, na migomba. Mama akaita, mtori unapoa. Nikamjibu Basili: tutaongea kesho.
Kesho! Simu moja tu ile Jumapili, angekwenda kwao mwenyewe, kama shahidi. Sasa wanamjua kama mhalifu, na aliyemwandika ni mimi.

Alhamisi, 25 Desemba
Tangu asubuhi nampigia Rodney. Hapatikani. Kanisani sikusikia neno.
Tumerudi, mbuzi yuko motoni, gari likasimama getini. Wanaume wawili, nguo za kiraia. Wamemtaja Basili majina yake yote matatu. Akanigeukia, uso umemng'aa.
"Dada, kumbe umeshawaita! Asante."
Kawaingiza ndani mwenyewe. Kawavutia viti.
Nimekimbilia chumbani. Nawasikia sebuleni. Mama anawakaribisha mtori, anawaomba radhi nyama bado haijaiva — anadhani ni wageni wangu wa kazini. Basili anaongea bila kusita. Nahodha, papa, mapezi, kila kitu. Mmoja kamuuliza kama alikata kwa mkono wake mwenyewe.
"Ndiyo, afande."
Bakuli la Mama limegonga meza.
Sasa Basili anawaambia wamuulize dada yake, yeye ndiye atakayeeleza vizuri. Ananiita.
Ananiita tena.