Ngitili ya baba haifunguliwi mara mbili

Kaka yangu,

Tulipoteza ng'ombe thelathini na wanane kati ya arobaini na saba, pamoja na nyasi za ngitili ya baba, malisho aliyoyafunga kwa ajili ya kiangazi, katika ukame ule wa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuingia Mwandoya na mizani zao. Naanza na hesabu kwa sababu wewe husimulia habari hii kama vile mvua peke yake ndiyo iliyokosa. Barua mbili nilizowapa wachuuzi wa ng'ombe wanaoshuka huko Usangu hukuzijibu. Hii ya tatu naiandika wazi, isomwe mbele za watu.

Unakumbuka baba alivyotufundisha kuhesabu? Kila mwaka, kabla ya kuifungua ngitili, alitutembeza humo hatua kumi mstari mmoja, tuhesabu kila shina la nyasi ambalo mguu umelipita. Wewe ulikuwa ukichanganya na mashina ya pembeni ili unishinde. Baba anacheka, anakwambia, "Rudia, ng'wanawane, mwanangu, na safari hii tumia macho ya mdogo wako." Mwaka wa mwisho wa uhai wake tulipata mashina thelathini na moja. Nyasi zilitufika kiunoni, zile za kudumu, zenye mizizi inayong'ang'ania udongo mweusi hata jembe likilia.

Baba aliizungushia miiba mvua zilipoanza, asiingie hata mbuzi. Aliifungua Septemba, kipande kimoja kati ya vitatu, kwa ndama, wagonjwa na maksai tu. Wanyama kumi na wawili, mpaka mvua irudi. Nyasi zikiliwa hadi urefu wa ngumi, anawatoa, anahamia kipande kingine.

Halafu baba akafa, na malori yakaja. Mwanzoni pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, unangoja miezi. Sasa wakawa watatu, wanakufuata mpaka uani, wanakuita bosi. Ukalima malisho yote ya mtoni ukapanda pamba. Mvua ikanyesha mara nne, ikakata. Pamba ikakauka ikiwa haijafika gotini, na ng'ombe hawakuwa na pa kwenda.

Ilikuwa Julai. Nilikukuta unavuta miiba ya kipande cha kwanza, ukaendelea na cha pili.

"Kaka, baba alifungua Septemba."

"Baba hakuwahi kugombaniwa na wanunuzi watatu kwa siku moja. Wewe kashone magauni yako, ng'ombe niachie mimi."

"Angalau uache kimoja."

"Mitamba yako minne mbona imo zizini? Itakula vitambaa?"

Mayu, mama yetu, alikuwa amesimama na kibuyu chake cha maziwa, kitupu. Akasema, "Mwache, ndiye mwenye boma sasa." Jirani yetu aliyekuwa akipita na punda wa maji akasimama, akatazama ng'ombe wote arobaini na saba wakiingia kwa mkupuo, akasema, "Bwana mkubwa leo anawapikia mbegu ya mwakani." Ulimtukana. Mimi nilicheka kidogo kwa aibu, kisha nikafanya kitu ambacho sijawahi kukisema: niliushika mwiba wa kipande cha tatu nikauvuta. Mitamba yangu ilikuwa imeanza kuonyesha mbavu. Nilijua hesabu, na bado nilivuta.

Nyasi zilikwisha kwa siku kumi na tisa. Walikula mpaka shingo ya shina, wakafukua kwa kwato na kutafuna kilichobaki chini. Udongo ukabaki uchi, jua likaupiga ukawa kama sakafu. Septemba, mwezi wa baba, tulikuwa tukiwainua ng'ombe kwa mikia. Mitamba yangu mitatu ilikufa. Ukaondoka na saba kwenda Usangu, ukaniachia wawili, mmoja kipofu.

Wakati huo ulikuwa hujaona ubaya wenyewe, kaka. Mvua iliporudi nilifikiri ngitili nayo itarudi. Maji yalipita juu ya udongo ule mgumu yakaenda zake mtoni. Ziliota mbigili, na vinyasi vya wiki tatu, vya kijani kizuri, vinavyokauka mvua ikikata na kuondoka na upepo. Nilihesabu hatua kumi. Mashina ya zile za baba yalikuwa mawili.

Nikaifunga ngitili. Nilikata miiba mwenyewe, baada ya kushona mchana kutwa. Wazee walinicheka, eti mwanamke anafuga nyasi. Msimu wa pili mashina manne, wa tatu saba, wa nne, yaani huu, kumi na moja. Kipande cha mtoni ulikolima hakijatoa hata moja. Wakati mwingine nakaa pembeni ya uzio nikisikiliza kama zitatoa ule mlio wa zamani upepo ukipita. Bado hazijafika urefu wa kulia.

Mayu alifariki akiniuliza kama umekula. Nilimwambia umekula.

Sasa dereva wa lori la mpunga ameniletea maneno yako: una ng'ombe sitini, huko wafugaji mnafukuzwa, unarudi nao kabla ya mvua, "ngitili iwe tayari." Saba hawazai sitini kwa misimu minne, najua ni jasho lako la mpunga, na sikuonei wivu. Lakini sitini kwenye mashina kumi na moja ni siku sita. Baada ya hapo haitaota hata mbigili. Nyumba ipo, njoo ulale, njoo uone kaburi la mayu. Miiba sitaivuta tena, na nikikukuta unaivuta nitasimama mlangoni pa ngitili.

Sitaki salamu, sitaki habari za ukame wa huko. Nataka neno moja, kwa dereva yuleyule, kabla ya mnada wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu: unawaingiza, au huwaingizi?

Mdogo wako,
uliyekuwa ukimshinda kwa kuhesabu ya pembeni