Kinyama Kilichovuta Hewa

5 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi na cherehani yangu tuko salama, wasiwasi ni juu yako na hilo tanuri lenu la mikate.

Najua umesikia nilivyoanguka bafuni, maana jirani yangu mdomo wake hauna breki. Sikuvunjika. Kilichoniuma ni miguu kukataa kuniinua, nikabaki sakafuni mpaka wakavunja mlango. Kukaa na kushona miaka yote hii kumenimaliza mapaja. Sasa kuna daktari hospitalini anafanya utafiti, anatafuta wazee wa kunyanyua vyuma. Usicheke, nimejiandikisha. Watanichoma pajani wachukue kinyama kidogo, kabla ya mazoezi na baada.

Mama yako mdogo


20 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini hujambo. Mimi mzima, ila barua yako imeninyima raha. Vyuma? Mama alianguka na ndoo mkononi, moyo ukasimama palepale. Wewe ndiye uliyenipigia simu. Leo wewe, ndugu yake wa tumbo moja, unakwenda kubeba vyuma kwa hiari yako! Sikubali. Tulia nyumbani. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, tena sana. Sikutaka tugombane na sikutaka kuacha, basi nikanyamaza. Moyo walinipima kwanza, wakaniruhusu. Nilianza na vyuma vyepesi kama pasi. Sasa nasukuma kwa miguu uzito wa mfuko wa saruji, na kitini nainuka bila kushika kitu.

Ila si hilo lililonifanya nishike kalamu. Jana walinichoma mara ya pili. Kinyama chenyewe kama punje ya mchele. Nikaomba nione kinakopelekwa. Binti wa maabara akakitia kwenye kichupa cha maji, akafunga, na kwenye kompyuta mstari ukaanza kushuka.

"Hiyo ni oksijeni, mama. Nyama yako inaivuta."

"Lakini iko nje ya mwili wangu!"

"Yenyewe haijajua bado."

Mwanangu, nilishika meza. Mimi nimesimama hapa, na pale kichupani nyama yangu inavuta hewa peke yake! Akanieleza kwamba ndani ya nyama mna vinu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa mitokondria, ndivyo vinavyochukua chakula na hewa vikatoa nguvu. Akauweka pembeni mstari wa Februari. Ule ulishuka kivivu, huu wa sasa unateremka kama mtu aliyeitwa kula. Akasema havijaongezeka sana, ila vinachapa kazi kuliko zamani. Vyuma ndivyo vimeviamsha, na mimi nilidhani vinakuza misuli tu.

Nikamuuliza nilivipata wapi.

"Kwa mama yako. Baba hatoi hivi. Mama ndiye huwapa watoto wake wote."

Nikapiga hesabu ya ukoo. Mimi na mama yako alitupa bibi yako, na wewe akakupa mama yako. Vinu nilivyokuwa nikivitazama vikivuta hewa ni vya mama yako pia. Nililia pale pale, binti wa watu akadhani kidonda kinaniuma.

Mama yako mdogo


28 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Afya yangu njema. Barua yako nimeisomea kazini, unga mikononi, nikakaa juu ya kreti na kulibonyeza paja langu kama mwehu. Kwa hiyo Mama hajaisha?

Kuna jambo nimekuficha. Nina mimba, inaingia mwezi wa sita. Kila nikianza kukuandikia, naona ni Mama ninayepaswa kumwambia, kalamu inagoma. Ni msichana. Naye atawapa wanawe vinu vya Mama.

Naomba uje atakapozaliwa. Ila nakaa ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Ukishindwa sitakulaumu.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu,

Leo salamu fupi, nguo za mtoto ziko mezani. Asubuhi nimepanda ngazi za hospitali hadi juu kabisa, nikashuka, nikapanda tena. Mlinzi akanifuata: "Mama, umepotea?"

Nikamwambia, "Sijapotea, naenda kwa mjukuu wangu."

Nakuja.

Bibi yake