Mkeka Nyuma ya Jiko

Ambanoro, Nosy Be

Nuru mjukuu wangu,

Huku kwetu hatujambo. Babu yako anakohoa, lakini bado anabishana na redio.

Umeniuliza, tangu daktari wa huko Mahajanga aseme una usonji, kama katika ukoo wetu alikuwapo mwingine kama wewe. Alikuwapo: dada yangu Zaina.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, nami nina umri wako, tulisoma maulidi nyumbani. Nilimvuta Zaina kwa nguvu aende kuwabusu wazee mikono. Dufu zilipolia akaziba masikio, akapiga kelele, akakimbia. Nilimkasirikia kwa kutuaibisha.

Mwaka uliofuata mama hakumlazimisha Zaina kwenda mbele ya wazee. Alimtandikia mkeka nyuma ya jiko. Nilipompelekea wali nilimkuta akifuatisha maulidi yote kwa ghibu, kwa sauti tamu kuliko ya msomaji wetu. Nikakaa naye mpaka mwisho, wali ukapoa.

Zaina hayupo tena. Kila maulidi bado natega sikio upande wa jiko.

Njoo maulidi haya, Nuru. Hutabusu mkono wa mtu, hata wangu. Mkeka utaukuta mahali pake, na wali ukipoa, acha upoe.

Ni mimi bibi yako,
Koko