Mbia Wangu Anataka Nisikanyage Karakana Yangu Mwenyewe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kusaini karatasi ambayo sijui kama itanikuza au itanifukuza.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minane, nilisomea uhandisi hapa hapa Dodoma, na nina karakana Kizota ninakotengeneza mashine za kupura mtama na uwele. Tangu utotoni mama aliniita mapepe, kwa sababu niliweza kutumwa chumvi nikarudi na kuku wa jirani aliyepotea, na chuoni nilifaulu sana yale niliyoyapenda na mengine yakanifia mkononi, nikaamini mimi ni mzembe tu mwenye maneno mengi, mpaka mwaka huu daktari aliponisikiliza kwa vikao vitatu akaniambia nina ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza akili, aanze mengi amalize machache, lakini likimshika lile analolipenda asahau hata kula, nami nikalia kwa furaha palepale mbele yake, kumbe nilichokiita aibu kina jina.

Sasa kisa chenyewe. Kwa miaka minne nimetengeneza mashine ishirini na tatu, na hakuna mbili zinazofanana. Sikukusudia. Kila nikianza moja naona iliyotangulia ingeweza kuwa nyepesi zaidi, nahamisha injini, nabadili matundu ya chekeche, napunguza bolti, na kweli kila moja inaishinda dada yake, lakini mwaka jana chekeche la kikundi cha akina mama wa Kondoa lilipasuka katikati ya mavuno, nikawapelekea jipya mwenyewe kwa basi, likakataa kuingia, na kiongozi wao, Bi Mwanahawa, akaniuliza kwa upole mbele ya wenzake, "Mwanangu, hili umemtengenezea nani?" Wakapura kwa fimbo wiki nzima.

Juzi huyo huyo Bi Mwanahawa kaja na viongozi wa ushirika wao. Wanataka mashine arobaini, zote sawasawa na ile ya ishirini na tatu, waliyoiona ikimaliza kwa siku moja kazi ya siku kumi. Nilizungumza nao dakika kumi tu, wakakubali. Nimeliota hili tangu mwaka wa kwanza chuoni. Lakini mbia wangu Naima, anayeshika ratiba na kununua vyuma, ameandika katika mkataba wetu kwamba kwa miezi minne ya kazi hiyo nisikanyage karakana, ufunguo ukae kwa fundi mkuu, Gerson. Nikamwambia ananitoa kwenye kitu nilichokizaa. Akacheka. "Wewe ukiingia mle, mashine arobaini zitakuwa arobaini kweli, kila moja na sura yake." Gerson akatazama chini, nikajua wameshazungumza.

Najua anasema kweli, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu karakana ikienda bila mimi, basi mimi ni nani? Tena nimeshafikiria tawi la Singida, na mashine ya kukamua alizeti. Nisaini, au nijilinde?

Jina kapuni, Kizota

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa miaka yote uliyojiita mzembe. Hukuwa mzembe. Daktari huyo endelea kumwona, usimwache njiani kama ulivyoacha mengine.

Sasa nikukaripie. Wale akina mama walipura kwa fimbo kwa sababu wewe ulichoka kurudia. Hali yako inaeleza kwa nini ilitokea. Wiki yao hairudishi. Hata hivyo wamerudi, tena na oda ya arobaini. Mkulima aliyeangushwa na fundi hamrudii fundi huyo mpaka aone kwake kitu ambacho kwingine hakipo. Umeshinda, mwanangu. Unalilia nini?

Unauliza wewe ni nani. Nani aliyeiunda ile ya ishirini na tatu? Nani aliyewashawishi kwa dakika kumi? Naima hawezi hilo, wala Gerson. Wao wanaweza kurudia, na wewe huwezi, kwa hiyo waache warudie.

Kabla hujatoa ufunguo, kaa na Gerson, mchukue vipimo vya mashine zote za zamani, kila mwenye mashine apate chekeche lake la akiba. Hilo ni deni la heshima. Singida na alizeti viandike kwenye daftari, mpe Naima alifungie kabatini mpaka mashine ya mwisho itoke.

Ijumaa saini, lakini dai mstari mmoja uongezwe: kwamba kutafuta wateja ni kazi yako, na hakuna wa kukuingilia. Mchana wa siku hiyo hiyo uwe kwenye basi la Mpwapwa. Huko kuna vijiji ambavyo bado havijasikia habari zako. Nenda ukazungumze kama unavyojua kuzungumza. Na wakikuuliza mashine yao itakuwa tayari lini, usijibu. Wape namba ya Naima.