Mbegu Nilizokuwa Nikizimwaga

Timbwani, Jumanne jioni

Bado nimeudhika, tena na nafsi yangu. Miaka sita nauza tikiti maji Shelly Beach, na leo mteja Msudani akanishika mkono nisimwage mbegu.

"Dada, kwetu hizi hutiwa chumvi zikakaangwa. Mgeni akija ndizo tunazomkaribisha nazo."

Nilicheka, lakini nikazibeba. Nyumbani nikamsimulia mama mkwe, nikidhani naye atacheka.

"Mwanangu, hata kwetu Rabai tulizila. Mwaka wa njaa, mamangu alitulea nazo."

Niliona haya. Nikamkaangia bakuli moja. Alitafuna taratibu, machozi yakimlengalenga.

Naogopa wauzaji wenzangu watanicheka. Na wacheke. Kesho naziweka mezani, na atakayeuliza nitamwambia: onja kwanza.