Mbwa wa Mama Urmila Ale Mara Ngapi?

Mpendwa mshauri Bi Bernadina, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi uniamkie huko huko unaposoma. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo hapa Mazingara siwezi kumuuliza mtu, kwa sababu hapa Mazingara mimi ndiye ninayeulizwa.

Naitwa Semboja, lakini hata wasio na undugu nami wananiita Mjomba. Shule niliishia la tano kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza ya kunifundisha, ila mambo ya mbwa nimeyaanza kabla sijaota meno. Mbwa wangu wa kulinda mahindi anajulikana mpaka Mombo, aliwahi kumpandisha chui mtini akamkalia hapo chini mpaka chui akaomba radhi, na nyani wa huku wakisikia nimekohoa wanahamia wilaya nyingine. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili ujue shida imemkuta nani.

Sasa Korogwe mjini kuna mama wa Kihindi anaitwa Urmila, ana duka la vitambaa, na mumewe marehemu Jignesh alikuwa rafiki yangu wa kweli, nilikuwa nikikaa kwenye benchi lao mimi nasimulia yeye anakata kitambaa huku anacheka mpaka mkasi unakwenda upande. Alipofariki mwaka jana alimwachia mama kambwa kadogo, wale wanaoitwa chiwawa, jina lake Moti, ukubwa wake kuku mtetea anamshinda, macho makubwa kama anataka kukuuliza kitu. Mwezi uliopita binti yao Ruchi akajifungua huko Dar, mama akatakiwa aende kumwangalia mzazi, na Moti hana wa kumwachia. Mimi nilikuwepo dukani. Akaniuliza, "Mjomba, mbwa unawajua kweli, au ni hadithi?" Nikamjibu, "Mama, mbwa ndio wananijua mimi." Akaanza kunieleza anakula nini na wakati gani, nikamwambia hayo aniachie, akanipa na mfuko wa chakula cha punje, nikapakia mbwa na mfuko kwenye pikipiki nikaondoka.

Bi Bernadina, wewe pengine hujui desturi yetu. Mbwa wa shamba huku anakula mara moja, magharibi, bonge la ugali wa pumba na maji yaliyooshea sufuria, kisha basi mpaka kesho. Mbwa akishiba mchana analala, na yeye akilala nyani wanavuna kabla yako. Nikasema moyoni huyu Moti kalegezwa na mjini, nitamrudisha kwa mama akiwa mwanaume. Zile punje nikawamwagia kuku, nikamwambia mke wangu Zamda kwamba mbwa hali vidonge kama mgonjwa, na wale kuku, usinicheke, mmoja alitaga mayai yenye viini vitatu.

Jioni ya kwanza nikampa Moti bonge la ugali lililozidi kichwa chake. Alikula mpaka tumbo likawa ngoma, halafu akatapika lote. Nikasema vizuri, amejifunza, kesho asipewe kitu mpaka magharibi. Kesho yake jirani yangu Abdi akapita, akamtazama pale mlangoni, akasema, "Mjomba, huyu ni mbwa au ni panya aliyesoma?" Nikafungua mdomo nimkomeshe, nikaona Moti anayumba kama mlevi, anatetemeka miguu yote, akaanguka ubavu, macho yameganda. Zamda alikuwa anakoroga uji. Akachovya kidole kwenye asali, akampaka kwenye ufizi taratibu, tena na tena, mpaka yule mbwa akaanza kulamba. Nikamwambia mke wangu, sisi ni Waislamu, mate ya mbwa hayo. Akanijibu bila kunitazama, "Mkono nitauosha kwa maji na udongo. Roho yake ikitoka utairudisha wewe?"

Tangu siku hiyo nyumba nzima inamlisha. Akilia kidogo anapewa andazi, akilia tena anapewa kichwa cha samaki, mchuzi wenye kitunguu, mafuta ya kukaangia, kila mtu anadhani mwenzake hajampa, na sasa anaharisha, amekonda mbavu zinahesabika, na kuna asubuhi anaamka tena na ule mtetemeko. Nikimpa kidogo naogopa ataanguka, nikimpa kingi anatapika.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Mama Urmila anapiga simu kila Ijumaa kuuliza hali ya mtoto wake, ndivyo anavyomwita. Mimi nikamwambia Moti amefukuza nyani watatu, na yule nyani mkubwa alikimbia akaacha mahindi aliyokuwa ameshaiba. Mama akacheka, Bi Bernadina, kicheko ambacho sijakisikia tangu Jignesh afariki. Wiki iliyofuata ikabidi niongeze nguruwe pori. Sasa anasema karibuni atarudi, na mimi kila nikimtazama huyu mbwa naona hafiki siku hiyo. Naomba unijibu mambo mawili, mbwa wa aina hii anakula kiasi gani na mara ngapi, na je, nimwambie mama ukweli, au nimnyamazie mpaka apone?

Ni mimi Mjomba Semboja, ambaye hajawahi kushindwa na mbwa mkubwa.

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba Semboja, shikamoo yako nimeipokea, umri wangu nitautunza mwenyewe.

Kwanza pole. Mtu mwenye roho mbaya asingeniandikia, angemzika mbwa nyuma ya nyumba na kusingizia chui. Wewe unaogopa, na unaogopa kwa sababu unampenda huyo mama na huyo mbwa. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mwenye mbwa alianza kukueleza, ukakataa kusikia. Ukapewa chakula chake ukawapa kuku. Hukukosa elimu, Mjomba, ulikosa dakika chache za kunyamaza.

Nimemuuliza daktari wa mifugo, akaniambia hivi. Mbwa wako wa shamba ana mwili wa kutunza akiba, akila jioni anavuka mpaka kesho. Moti hana pa kuweka akiba. Tumbo lake ni dogo na mwili wake unachoma chakula haraka, kwa hiyo akikaa muda mrefu bila kula sukari mwilini inashuka, ndipo anapotetemeka na kuanguka. Ukimjaza kwa mara moja, anatapika. Kwa hiyo dawa si kingi wala si kidogo, ni kidogo mara nyingi.

Leo hii, kabla ya kitu chochote, mpeleke kwa bwana mifugo. Kuharisha kunamaliza mbwa mdogo upesi, na mimi siwezi kumtibu kwa gazeti. Akimaliza kumtazama, mlishe asubuhi, mchana na jioni, na kidogo tena kabla ya kulala mpaka mtetemeko uishe. Kila mlo ni vijiko viwili vya kulia chakula, basi. Wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila mfupa, bila chumvi, bila mafuta. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kiwe kibichi au kwenye mchuzi. Maandazi waachieni watoto. Maji safi yawepo muda wote. Tafuta mfuko mwingine wa zile punje, umchanganyie kidogo kidogo na wali, kwa sababu ndizo tumbo lake linazozijua. Kila baada ya siku chache pitisha vidole ubavuni: mbavu uziguse bila kuzitafuta, lakini usizione kwa macho. Ukiziona, ongeza kijiko. Ukizikosa, punguza. Bwana mifugo wako atakurekebishia kulingana na uzito.

Akitetemeka tena, fanya alivyofanya mkeo: asali kwenye ufizi, usimmiminie kooni, kisha chakula, kisha daktari. Na mlishaji awe mtu mmoja tu. Mchague Zamda, akikubali, na wewe umshukuru mbele ya watu.

Sasa hilo la pili. Unaniuliza umnyamazie mama mpaka mbwa apone. Na asipopona? Utamwambia nyani alimshinda? Ndani ya ile nyumba walikuwa watatu, mama, mumewe na mbwa; mume amefariki, na huyo Moti ndiye anayemsubiri mama mlangoni jioni. Akimkuta amekufa huku wewe ulikuwa unamchekesha kwenye simu, kicheko kile kitamuuma kuliko msiba. Usingoje Ijumaa. Mpigie leo ukitoka kwa bwana mifugo, umwambie maneno haya bila kuyapamba: "Mama, Moti anaumwa. Nilimlisha kama mbwa wa shamba, kosa ni langu. Hakukuwa na nyani. Nieleze anakulaje."

Kisha sikiliza. Akilia, usimkatize. Akikufokea, ni haki yake. Akisema anataka mbwa wake, mbebe mwenyewe mpaka Dar aliko, na chakula cha njiani. Na akianza kukueleza kiasi cha wali na namna ya kuupoza, jua amekusamehe. Usimsimulie kitu kingine. Kata simu, ukabandike sufuria.